Makutano gani? Lakabu za mahali na kosa la kuzifasiri kwa orodha

MATATU inayotoka Nairobi kwenda Meru kupitia Embu hukutana na Makutano mara mbili. Ya kwanza ni pale barabara ya Embu inapoachana na ile inayoelekea Karatina na Nyeri. Ya pili imo mjini Meru, safari ikikaribia kwisha. Baina ya hizo mbili kuna zaidi ya kilomita 100 za kona na miteremko, na miji ya Embu, Runyenjes, Chuka, Igoji, Kanyakine na Nkubu.

Safari moja, mama mmoja mzee alimwomba utingo amshushe Makutano. Kijana akamuuliza, “Cucu, Makutano gani? Hii ya hapa mbele ama ile ya Meru?” Mama akamkazia macho. “Kwani kuna ingine?” Abiria wakacheka, lakini swali la mama lilikuwa na mantiki kuliko kicheko chetu. Kwa mtu aliyezaliwa Meru, Makutano ni moja tu. Hiyo nyingine ni njiapanda ya watu wengine.

Nimekikumbuka kisa hiki kwa sababu ya mtindo ambao umeshika kasi wa kuwafafanulia watu majina ya utani ya miji na mitaa. Mtindo wenyewe ni wa orodha. Upande huu jina la mtaani, upande ule maana yake. Bongo: Tanzania. Sisibo: Eldoret. Islii: Eastleigh. Ocha: mashambani. Majuu: Ulaya na Marekani. Msomaji anakariri, kisha anadhani ameelewa. Baadhi ya walimu wa Kiswahili nao huichukua orodha iyo hiyo, wakaipiga mstari mwekundu na kuandika pembeni, “lugha ya mitaani, epuka.”

Kwa maoni yangu, pande zote mbili zimekosea, na kosa lao ni moja. Zote zinadhani kwamba jina la utani ni jina rasmi lililovaa nguo nyingine: uivue nguo, ubaki na maana. Ukweli ni kwamba lakabu ya mahali hutaja vitu viwili kwa mpigo. Inataja mahali, na inataja pale alipo anayesema. Ukiondoa hicho cha pili, hicho cha kwanza hakisomeki.

Tuanze na jina rasmi, maana hata hilo husomwa vibaya. Nimewahi kuona Kanyakine ikiandikwa “Kanyakini”, na kumsikia mtu akisema anaelekea “Kanyakineni”. Wa kwanza alidhani anasahihisha, wa pili alidhani anafuata sarufi. Jina hili tayari lina sarufi yake. Tamati -ne katika Kimeru hufanya kazi ya -ni yetu katika nyumbani na sokoni. Ndiyo maana ramani ya Meru imejaa miisho hiyo: Gakoromone, Gikumene, Gitimbine, Mikumbune. Anayesema “Kanyakineni” ameweka mahali juu ya mahali, kama mtu anayesema “sokonini”.

Mwanzoni kuna ka-, kiambishi cha udogo. Katikati kuna nyaki, neno la Kimeru la majani wanayokula ng'ombe, ambalo pia ni jina la wadi mbili za Imenti Kaskazini. Liweke kando ya nyasi ya Kiswahili, utaona jinsi yanavyofanana. Kwa kusoma viungo vyake basi, Kanyakine ni “penye kijinyasi”, au kwa Kiswahili cha kuzungumza, “pale kwa kanyasi”.

Mbona basi ni Kanyakine lakini ni Gakoromone? Hapa pana utaratibu ambao wanaisimu huuita Sheria ya Dahl. Katika Kimeru, Kiembu na Kikuyu, k ya kiambishi hugeuka g endapo silabi inayofuata inaanza na sauti isiyoghuna kama k au t. Kwa hiyo ka- inakuwa ga- katika Gakoromone na Gatimbi, na ki- inakuwa gi- katika Gikumene na Gitimbine. Inapofuatwa na sauti ghuna, hubaki ilivyo: Kanyakine, Kariene, Kinoro, Kibirichia. Mtoto wa Imenti huifuata sheria hii bila kufundishwa. Mhariri aliye Nairobi anayebadilisha herufi moja ili jina “likae vizuri” anaivunja bila kujua kwamba ipo.

Ikiwa jina lililo kwenye ramani linadai usomaji wa namna hii, lakabu isiyo kwenye ramani inadai zaidi. Chukua ocha. Orodha inasema ni mashambani. Lakini mashambani ya nani? Kijana aliyezaliwa Umoja jijini Nairobi, ambaye wazazi wake wanatoka Kanyakine, husema Desemba, “Tunaenda ocha.” Kwake Kanyakine ni ocha. Mkulima wa bondeni huko Mitunguu anapopanda hadi Kanyakine kwa shughuli zake, hajisikii ameingia mashambani. Kwake pale ni mjini: pana soko, hospitali na shule ya upili inayojulikana. Naye mwenye duka pale Kanyakine akiambiwa anaishi ocha, anaweza kutabasamu, anaweza pia kununa. Mahali ni pamoja, maneno mawili, na hakuna aliyesema uongo.

Tena ocha haipimi umbali wala wingi wa migomba. Mtu wa Nairobi anayekwenda kutembelea rafiki huko Chuka, mahali asikokuwa na ukoo, kwa kawaida hasemi anaenda ocha. Anasema anaenda Chuka. Ocha huwa ya mtu: “ocha yenu ni wapi?” Ni swali kuhusu kaburi la babu na shamba la baba. Ndiyo sababu swali hilo hilo linaweza kuwa salamu kwenye basi, na likawa tishio mdomoni mwa mtu anayetaka kujua wewe ni kabila gani kabla ya kukupangisha nyumba. Orodha haiwezi kukuonya kuhusu hilo.

Jambo hili si la Sheng peke yake. Kiswahili chenyewe kimelijua tangu kale. Mjini Unguja, Ng'ambo ni mitaa iliyo upande wa pili, nje ya Mji Mkongwe. Kwingine, ng'ambo ni nchi za nje, kuvuka bahari. Maana ya msingi ni moja, upande wa pili wa maji. Kinachobadilika ni ufuo aliosimama msemaji. Kadhalika bara: kwa mtu wa Mombasa, Meru ni bara, na Mmeru ni “mtu wa bara” hata kama hajawahi kujiita hivyo maishani mwake.

Lakabu nyingine hupanuka kadiri unavyojitenga nazo. Bongo ilianza kuwa Dar es Salaam, jiji ambalo bila ubongo huishi. Kwetu Kenya, Bongo ni Tanzania nzima, na mwimbaji wa Mwanza tunamhesabu kuwa msanii wa Bongo bila kumuuliza. Nazo nyingine hugeuka bidhaa. Kangeta ni kituo cha biashara huko Igembe, lakini anayeulizia kangeta akiwa Islii au Mombasa haulizii njia. Anataka miraa, na ya aina mahususi. Ukimwonyesha ramani atakuona mgeni.

Mpaka hapa huenda msomaji akasema haya ni mazungumzo ya kupitisha wakati. Sivyo, kwa sababu ipo lakabu moja ambayo sisi wa magazeti tunaitumia kila uchao, nayo ina uzito. Ni “Mlima”. Mlima umekasirika, Mlima umegawanyika, Mlima unataka minofu. Kila Mkenya anajua kwamba mlima wenyewe haujasema neno. Wanaotajwa ni wapigakura wa kaunti zinazouzunguka.

Hebu tuliulize jina hilo swali la utingo: Mlima gani, na wa nani? Mmeru huuita Kirimaara. Mkikuyu huuita Kirinyaga. Kenya tunayoiandika ilitokana na matamshi aliyoyanukuu mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, aliyeuona mlima huo mwaka wa 1849 akiwa Ukambani. Kwa hiyo hata kabla ya siasa, kilele kimoja kilikuwa na majina kulingana na upande mtu alikotazama. Anayekiangalia kutoka Kanyakine hukiona upande wa machweo. Anayekiangalia kutoka Nyeri hukiona upande wa macheo. “Mlima” wa vichwa vya habari hauna upande. Unaonekana kana kwamba umetazamwa kutoka Nairobi, kwenye dawati, na mtu asiye na haja ya kujua jua linatokea wapi.

Matokeo yake ni haya. Wakulima wa miraa wa Igembe, wa muguka wa Mbeere, wa majani chai wa Imenti na wa mpunga wa Mwea hujikuta wana hisia moja katika sentensi moja. Tunapogundua kwamba hawana, tunabuni “Mlima Kenya Mashariki”, jina ambalo bado linawaeleza Wameru na Waembu kama pembe ya kitu cha wengine. Linganisha na GEMA, chama cha Wagikuyu, Waembu na Wameru kilichoundwa mwaka wa 1971 na kupigwa marufuku mwaka wa 1980. Mtu anaweza kuwa na lake la kusema kuhusu siasa za GEMA, lakini kifupisho chenyewe kilimpa kila mmoja herufi yake: G, E, M. Katika “Mlima”, herufi ya Mwembu ni ipi?

Najua majibu ya wenzangu. Nafasi ya kichwa cha habari ni finyu, na neno la silabi tatu ni zawadi. Nakubali. Najua pia kwamba wapo wenyeji wanaojiita watu wa Mlima kwa fahari, na hiyo ni haki yao. Lakini mwenyeji anayejipa jina na mgeni anayempa hawasemi neno moja, hata herufi zikiwa zile zile. Mkazi wa mtaa wa Kosovo huko Mathare anaweza kuuita mtaa wake Kosovo kwa mzaha wa mtu aliyeyazoea maisha yake. Mwanahabari akilirudia jina hilo kwa sauti ya kutisha, mzaha umekwisha, kimebaki kitisho.

Kwa wale wa kalamu nyekundu nina neno pia. Wanaposema lakabu zinaharibu lugha, wakumbuke Runyenjes. Palikuwa na chifu aliyeitwa Runyenje. Kwa Kiswahili tungesema kwa Runyenje. Waingereza wakaongeza s yao ya umilikaji, ikaganda, na leo imo kwenye ramani na katika jina la eneobunge. Au watazame Eldoret, ulioanzia kwenye shamba nambari 64. Wenyeji wakaitamka nambari hiyo ya Kiingereza kwa ndimi zao, ikawa Sisibo. La kwanza ni kosa la mtawala, likapewa muhuri. La pili ni tamko la mtawaliwa, likaachwa mitaani. Tukiwafunza wanafunzi kwamba Runyenjes ni sahihi na Sisibo ni upotovu, tutakuwa tumewafunza nani alikuwa na muhuri. Lugha itakuwa bado haijafunzwa.

Kipi basi kifanyike? Darasani, mwalimu asiifute ocha, aiulize. Nani kasema, akiwa wapi, akimwambia nani? Mwanafunzi atakayejibu maswali hayo matatu atakuwa amejifunza isimujamii kuliko atakayekariri orodha ya maneno hamsini. Katika chumba cha habari, pale sentensi inapoweza kusema Meru, iseme Meru. Inapoweza kusema wakulima wa Igembe, iwataje wao. “Mlima” ubakie kwa wanasiasa wanaolitumia jina hilo, ndani ya alama zao za kunukuu. Na kabla hatujaongeza -ni au kubadili -ne kuwa -ni katika jina la mji ambao hatujaukanyaga, tumpigie simu mtu wa huko.

Yule mama wa matatu hakushuka Makutano ya kwanza. Utingo alipomuuliza anatoka wapi hasa, akataja kijiji chake, na kijana akajua papo hapo: “Basi tulia, cucu, yako bado.” Hakuhitaji kamusi wala ramani. Alihitaji kujua kwao ni wapi, na hilo ndilo lililompa jina Makutano maana yake.