Kuipima Namba Bila Kuigawa

Kujua kama namba ndogo ni tasa hakumsumbui mtu. Unajaribu kuigawa kwa 2, kwa 3, kwa 5, kwa 7, na muda si mrefu umeshajua kama inagawanyika. Sasa jaribu hii:

170,141,183,460,469,231,731,687,303,715,884,105,727

Ina tarakimu 39. Ni 2 kwa kipeo cha 127, ukitoa 1. Kuitafutia vigawo kimoja kimoja ni kazi ambayo umri wa mtu hautoshi. Hata hivyo, mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha kuwa ni tasa, na kompyuta haikuwapo.

Ustadi wake ni kwamba hakutafuta vigawo kabisa. Kanuni yake, iliyonyooshwa na Mmarekani D. H. Lehmer mwaka 1930, inaenea kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Tuchukue 127, yaani 2 kwa kipeo cha 7, toa 1. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2: unapata 14. Rudia: 194. Hii imeipita 127, kwa hiyo chukua baki tu, 67. Endelea vivyo hivyo: 42, kisha 111, kisha sifuri. Hatua ni tano, mbili pungufu ya kipeo. Kipeo kikiwa tasa kuanzia 3, sifuri ikitokea kwenye hatua hiyo, namba ni tasa. Isipotokea, si tasa, hata kama hukijui kigawo chake hata kimoja.

Utamu zaidi umo katika kupata baki. Ile 67 ukiizidisha kwa yenyewe na kutoa 2 inakuwa 4,487. Huna haja ya kuigawa kwa 127. Humo mna 128 mara 35, na 7 juu yake. Jumlisha 35 na 7, baki ni 42. Kwa kuwa 128 inaizidi 127 kwa moja tu, kugawa kumegeuka kujumlisha. Mradi namba ni 2 kwa kipeo fulani, toa 1, iwe kubwa kiasi gani, njia hii ya mkato haibadiliki.

Kwa kanuni za namna hii Lucas alionyesha pia kwamba 2 kwa kipeo cha 67, toa 1, si tasa. Vigawo vyake, 193,707,721 na 761,838,257,287, vilikuja kutolewa na Frank Nelson Cole mwaka 1903. Hukumu ilitangulia ushahidi kwa miaka 27, na ilikuwa sahihi.

Mwaka 2024 ilitangazwa namba tasa yenye tarakimu 41,024,320, na kipimo kilichoithibitisha ni hicho hicho: zidisha kwa yenyewe, toa 2, chukua baki. Mwenye shaka na ashike kalamu aipime 31. Kipeo ni 5, hatua ni tatu tu.