Kodachrome: machozi yapo, kemia iko wapi?

Ukiitazama sinema ya Kodachrome (2017), utamwonea huruma Ed Harris: mpiga picha mzee mwenye kansa, anayekimbizana na muda afike Parsons, Kansas, mikanda yake isafishwe kabla maabara ya mwisho haijasitisha huduma hiyo. Ameigiza vizuri sana. Ila swali moja sinema inalipita juu juu: kwa nini asiisafishe kwingine?

Sikia. Mikanda mingi ya rangi hubeba ndani yake kemikali zinazozaa rangi. Kodachrome haikuwa nazo. Yenyewe ilikuwa matabaka ya nyeusi na nyeupe tu; rangi tatu zilitiwa wakati wa kusafisha, moja baada ya nyingine, kwa mitambo na dawa zake maalumu. Kodak ilipoacha kutengeneza dawa hizo, mchezo ukaisha. Dwayne's Photo ilipokea mikanda ya mwisho tarehe 30 Desemba 2010.

Huo ndio msiba ambao sinema ingetuonyesha: mkanda mzima, picha imo ndani, lakini rangi haitoki tena. Wewe ukiukuta kabatini kwa babu, usiutupe. Bado unaweza kusafishwa, ila kwa nyeusi na nyeupe.