Ufundi wa Kiasi

Wengi hudhani kutengeneza mashine ni kung'oa kilichoharibika na kutia kipya. Fundi wa mashine za kuondolea theluji, kule Minnesota au Quebec, anajua zaidi ya hapo. Mara nyingi analetewa mashine ambayo haijavunjika popote. Imepoteza kiasi tu.

Malalamiko huwa yale yale: injini inanguruma, parafujo la mbele linazoa theluji vizuri, lakini magurudumu hayaendi. Fundi hakimbilii spana. Huuliza kwanza. Imeacha kwenda ghafla, au imekuwa ikilegea kidogo kidogo? Inashindwa mbele tu, au na nyuma pia? Ikipata moto inaamka? Kila jibu linampunguzia bolti za kufungua.

Kisha huanza na cha bei rahisi. Hukagua pini zinazofunga gurudumu kwenye ekseli, maana pini ikikatika ekseli huzunguka bure. Halafu hushika waya unaotoka kwenye mkono wa kuendeshea, ambao kazi yake ni kama ya waya wa breki ya baiskeli. Ukilegea, mashine haina nguvu ya kwenda. Ukikazwa kupita kiasi, mashine hutembea hata mkono ukiachwa. Mkono usipobanwa, waya hutakiwa uwe na ulegevu kidogo tu, na anayeujua ulegevu huo ni mtu aliyeupima kwa vidole vyake mara nyingi.

Waya ukiwa mzima, huchomoa waya wa plagi, humwaga petroli, huinua mashine isimame kwa pua yake, hufungua kifuniko cha chini. Humo, katika mashine nyingi, mna sahani ya chuma inayozunguka na kigurudumu chenye ukingo wa raba kinachoegemezwa juu yake. Kigurudumu kikikaribia katikati ya sahani, mwendo hupungua. Kikielekea ukingoni, mwendo huongezeka. Kikivuka katikati, mashine hurudi nyuma. Hakuna meno ya gia hapo. Mwendo wote wa mashine hutegemea msuguano wa raba nyembamba.

Ndiyo maana grisi, rafiki wa kila fundi, humo ndani ni ya kupimiwa. Mhimili ambao kigurudumu huteleza juu yake huhitaji ulainisho kidogo. Ukishika kutu, kubadili mwendo huwa vita. Lakini tone likidondokea sahani, raba itateleza hata kama ni mpya kutoka dukani. Maji ya theluji yakiganda hapo hufanya vivyo hivyo. Fundi mzuri hufuta sahani, hukagua kama raba imeliwa hadi chuma kukaribia chuma, hutazama kama mkanda umelegea kwenye puli zake, na hubadilisha kile tu kilichojithibitisha kuwa kibovu. Mfuko wa mteja nao una kiasi chake.

Namsifu zaidi kwa jaribio lake la mwisho. Mashine ikishasogea, mwenyewe huanza kushukuru, lakini fundi hajamaliza. Huubana mkono tena, mashine iende. Huuachia mkono, aone kama itasimama papo hapo. Isiposimama, huigeuza upya na kulegeza waya, kwa sababu mbele ya magurudumu yale kuna visu vinavyozunguka.