Miadi ya Saa Moja: Uhakiki wa Hamu ya Ratiba za Televisheni ya Zamani

1. Utangulizi

Kuna mazungumzo ambayo mkaaji wa Nairobi hawezi kuyakwepa. Katika matatu itokayo katikati ya jiji kuelekea Westlands, Kangemi au Kawangware, na hata katika chumba chetu cha walimu, hukosi mtu anayeikumbuka televisheni ya zamani. Aghalabu mtu huyo hasimulii kisa cha kipindi fulani. Huvitaja vipindi kwa mfuatano wa siku na saa, na anapokwama wenzake humkamilishia. Mwishowe wote hukubaliana kwamba zama zile watu walikuwa na kitu ambacho sasa hawanacho, ingawa leo stesheni ni nyingi na kila mmoja anacho kioo cha kutazamia mkononi mwake.

Makala haya yanakusudia kuihakiki hamu hiyo kwa makini yale yale tunayoyatumia kuhakiki utenzi au tamthilia. Rai yetu ni kwamba kinachotamaniwa hasa si vipindi, bali ni miadi. Na kwamba hamu hii, kwa jinsi inavyosimuliwa, huficha mambo ambayo mwanazuoni wa Kiswahili hana budi kuyafichua, likiwemo kosa letu wenyewe.

2. Ratiba kama miadi

Televisheni iliingia Kenya mwaka 1962, na mtambo wa kwanza wa kurushia matangazo uliwekwa Limuru. Mwaka 1964 serikali iliutwaa utangazaji na kuupa jina la Sauti ya Kenya. Mwaka 1989 likaundwa Shirika la Utangazaji la Kenya, yaani KBC, na mwaka 1990 ndipo KTN ilipoanza kuonekana Nairobi. Kwa muda wa miaka 28 hivi, basi, mtazamaji hakuwa na hiari ila ya kuwasha au kuzima. Matangazo yalianza alasiri, yakafungwa usiku kwa wimbo wa taifa.

Mwandishi wa makala haya alilelewa Kangemi katika miaka ya 1990. Stesheni zilikuwa zimeanza kuongezeka, lakini kwetu ilionekana moja tu. Televisheni ya jirani, iliyoendeshwa kwa betri ya gari, ilitazamwa na nyumba nne. Watoto waliketi sakafuni, wageni wakapewa viti, na aliyechelewa hakusimuliwa yaliyopita mpaka kipindi kimalizike. Betri ilipodhoofu, picha ilijikunja kuelekea katikati ya kioo, na wakubwa wakaamua kwa pamoja ni kipindi gani kiachwe ili kingine kiwahiwe.

Hapa ndipo tunapoliona neno miadi kuwa linafaa kuliko neno burudani. Ratiba ilikuwa ahadi baina ya mtangazaji na mtazamaji, na zaidi ya hayo, baina ya mtazamaji na mwenzake. Mtu alijua kwamba saa ile ile yule wa Dagoretti na yule wa Lavington, waliotengana kwa kila hali ya maisha, walikuwa wakikicheka kichekesho kimoja. Asubuhi yake hakuhitaji kuuliza kama mwenzake ametazama. Fasihi simulizi yetu huijua hadhira ya namna hii. Kinachoombolezwa katika matatu ni kuvunjika kwa hadhira hiyo.

Hali hii haikuwa ya Afrika Mashariki yote. Zanzibar ilipata televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Mtanzania wa Bara aliye rika moja na wazee wetu akitamani zamani, hutamani redio.

3. Saa moja na saa tatu

Taarifa ya habari ya Kiswahili ilisomwa saa moja usiku, na ya Kiingereza saa tatu. Msomaji asilidharau jambo hili. Kwa hesabu ya Mswahili, saa moja ndiyo saa ya kwanza ya usiku. Kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichoufungua usiku wa taifa, wakati mfanyakazi amefika nyumbani na mtoto hajalala. Kwa upande mmoja hiyo ilikuwa heshima. Kwa upande mwingine ilikuwa mgawanyo wa kazi: Kiswahili kilipewa umati, na Kiingereza kikapewa wale waliodhaniwa kuwa na subira na elimu ya kungojea saa tatu.

Mgawanyo huo ulienea hadi kwenye michezo. Vipindi vilivyopendwa sana vya Kiswahili, Vitimbi na Vioja Mahakamani, vilikuwa vya kuchekesha. Ilipofika miaka ya 1990, mchezo wa Tausi ulithibitisha kwamba lugha hii yaweza pia kubeba mapenzi, mali na ugomvi wa ukoo mbele ya kamera bila ya kuomba kicheko. Anayeitamani ratiba ya zamani huitamani pamoja na mgawanyo huu, na mara nyingi bila ya kujua.

4. Lugha ya vichekesho

Tutazame Vitimbi kwa karibu. Mhusika mkuu, Mzee Ojwang, alizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, ambamo sauti ya "sh" hugeuka "s". Aliyemwigiza, marehemu Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu. Jambo hili laonyesha kwamba lafudhi ile haikuwa udhaifu wa msemaji. Ilikuwa vazi la jukwaani, lililoshonwa kwa usikivu mkubwa. Naye Mary Khavere, katika nafasi ya Mama Kayai, mke wa Ojwang, alimjibu kwa lafudhi yake mwenyewe, na ndoa ile ikawa mjadala baina ya Viswahili viwili.

Katika Vioja Mahakamani muundo ni mwingine. Mahakama huhitaji lugha rasmi, na mshtakiwa huja na lugha ya mtaani kwake. Kicheko huzaliwa pale zinapogongana. Je, tunamcheka nani? Mtu aweza kudai kwamba michezo hii iliwadhihaki watu wa makabila kwa matamshi yao, na dai hilo lina uzito. Mtoto aliyechekwa shuleni kwa kutamka kama Ojwang hakuona sanaa yoyote ndani yake. Hata hivyo, twaona kwamba katika michezo iliyo bora mshtakiwa huyo mwenye lafudhi ndiye mwenye akili kali zaidi ukumbini, na Kiswahili chake, hata kikivunja upatanisho wa ngeli, huwashinda wenye sarufi. Palikuwa na dharau na palikuwa na heshima. Hamu ya zamani hukumbuka heshima tu.

5. Nani aliyeishika saa

Miadi hii ilipangwa na dola. Mwaka 1977 serikali iliufuta mchezo wa kuigiza wa wanakijiji wa Kamiriithu, huko huko Limuru ulikoanzia mtambo wa televisheni. Kicheko cha kwenye kioo kiliruhusiwa kwa sababu kilijua mpaka wake: hakimu wa Vioja aliweza kuchekesha, lakini hakushtakiwa. Tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi waliojaribu kuipindua serikali walikwenda kwenye jengo la Sauti ya Kenya, hatua chache kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi, na kumlazimisha Leonard Mambo Mbotela atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Walifahamu wanachokitafuta. Aliyeishika saa ya watu wote aliishika nchi.

Kwa hiyo, anayesema kwamba zamani tulikuwa pamoja, asema kweli. Asisahau tu kwamba hatukuwa na mahali pengine pa kwenda.

6. Hitimisho: deni letu

Tulipokuwa masomoni London tulisoma miswada ya tenzi iliyonakiliwa kwa hati za Kiarabu zaidi ya karne moja iliyopita. Tulipotaka kuilinganisha lugha yake na ile ya michezo ya televisheni ya Nairobi ya miaka ya 1980, hatukuwa na mswada hata mmoja mkononi. Utenzi wa mababu ulisomeka, na mzaha wa wazazi wetu ulikuwa umepotea, isipokuwa vipande vilivyosalia kwenye intaneti.

Lawama ni yetu pia. Wahakiki wa wakati ule, nasi tuliowarithi, tuliviita vipindi hivyo vichekesho tukaendelea na riwaya. Ndiyo maana leo mtetezi wa pekee wa sanaa hiyo ni kumbukumbu, na kumbukumbu haiwezi kuulizwa maswali ya sarufi.

Twapendekeza mambo mawili. Kwanza, wanafunzi wetu wapelekwe kwenye magazeti ya zamani ili waziandike upya ratiba zilizochapishwa humo, siku kwa siku. Pili, waigizaji walio hai wahojiwe na maneno yao yanakiliwe jinsi yalivyotamkwa, bila ya kusanifishwa. Mbotela, aliyetuuliza tangu mwaka 1966 kama huu ni ungwana, alifariki Februari 2025. Waliobaki si wengi, na wengi wao wanaishi mwendo wa matatu moja tu kutoka darasani mwetu.