Modeli Aliyeachwa London

Margaret Trowell alikosea. Alipoanza kufundisha sanaa Makerere mwaka 1937, alikuwa na njia mbili alizojifunza London. Moja ni ya chuo cha Slade, ambako mwanafunzi anakaa mbele ya mtu hai, yaani modeli, na kumchora mpaka ajue uzito wa mwili umelalia mguu gani. Nyingine ni ya mwalimu wake Marion Richardson, aliyewafumbisha macho wasichana wa shule, akawasimulia mandhari, kisha wakachora walichokiona kichwani. Trowell akaegemea ya pili.

Sababu yake inajulikana: hakutaka kijana wa Kiafrika awe nakala ya Mzungu. Nia njema, uamuzi mbovu. Yeye amenolewa kwa modeli, wanafunzi wake anawapa hadithi! Maumbile ya mwili hayana Ulaya wala Afrika; goti la Mngoni na goti la Mwingereza hukunjika vilevile.

Itazamwe kazi yenyewe. Modeli akihamishia uzito mguu mmoja, nyonga ya upande huo hupanda, bega la upande uleule hushuka, shingo nayo inatafuta mizani. Hayo hayasimuliki, yanaonwa. Modeli mzoefu huanza na mikao ya dakika moja moja ili mkono wa mchoraji uchangamke, kisha anashika mkao wa dakika 20, anapumzika, anarudi palepale kwenye alama za chaki sakafuni. Anajua mkao upi utamtia ganzi kabla ya nusu ya muda, anaukwepa. Asiyejua kazi huanza kwa mbwembwe, mkono juu kama mrusha mkuki. Dakika chache baadaye mkono umeporomoka, na mchoro nao umeharibika.

Paris walilijua hilo zamani. Joseph, mwanasarakasi mzaliwa wa Haiti, ndiye anayepunga kitambaa juu kabisa ya kundi katika mchoro wa Géricault wa manusura wa meli ya Medusa, ulioonyeshwa 1819. Mwaka 1832 shule ya sanaa ya Paris ilimwajiri kuwa modeli. Mgongo ule haukutungwa kichwani.

Makerere nako, Cecil Todd, aliyempokea Trowell kijiti mwishoni mwa miaka ya 1950, alirekebisha mengi katika ufundishaji huo.

Mchongaji Gregory Maloba alipitia kwa Trowell, lakini akaenda pia kusoma Uingereza, na inaonekana. Mnara wake wa Uhuru wa Kampala, 1962, mama anayemwinua mtoto, una uzito unaofika hadi nyayoni. Siku hizi? Sanamu ya Mwalimu Nyerere ilipozinduliwa Addis Ababa Februari 2024, Watanzania walibishana kuhusu sura. Mabega hayakuulizwa na mtu.

Watatajwa wachongaji wa Kimakonde, atatajwa mchoraji Edward Tingatinga, mwana wa Tunduru, mkoa mmoja na Songea, kwamba hawakuhitaji modeli. Kweli kabisa, na kazi zao hazina deni. Lakini hawakuwa wanamchora wala kumchonga nduna, jemadari wa Kingoni, aliyenyongwa.

Songea inao hao manduna. Kila Februari 27 mji unawakumbuka mashujaa 67 walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906, na wanapaswa kuchorwa na kuchongwa na watu wanaojua jinsi mtu anavyosimama. Kwa sasa, pita mtaa wake wa Mfaranyaki utazame mabango ya vinyozi: uso umepakwa vizuri, nywele zimehesabika, mikono yote imefichwa mifukoni. Fundi kaficha asichowahi kukitazama.

Wachoraji wa Mfaranyaki wachangishane kabla ya Februari ijayo. Wamtafute mcheza ngoma ya lizombe mwenye miguu ya kazi, wamlipe ujira wake kamili kama anavyolipwa fundi yeyote, asimame dakika 20 na kaptura yake; kuvua si lazima. Na waanze na mikono.