Hesabu ambayo kitabu cha damu kimetuachia

Kitabu cha WHO, The Clinical Use of Blood, kinaeleza vizuri kuhusu kupasha damu joto. Damu ikiingia polepole, haihitaji kupashwa. Ikibidi, itumike mashine yenye kipimajoto na kengele. Kamwe si beseni la maji ya moto, maana chembechembe nyekundu hupasuka na mgonjwa anaweza kufa.

Kasoro ni moja. Kiwango cha kuanza kupasha kimetajwa kwa mililita kwa kila kilo kwa saa: zaidi ya 50 kwa mtu mzima, 15 kwa mtoto. Basi, kimeishia hapo. Hebu tupige hesabu wenyewe. Mtu wa kilo 60 anafika huko kwa lita 3 ndani ya saa moja. Mtoto wa kilo 10 je? Mililita 150 tu, nusu ya soda ya mililita 300!

Namba hiyo ndiyo ya kubandika ukutani wodini. Damu inatoka kwenye friji ikiwa na nyuzi 2 hadi 6, na mwili mdogo hupoa upesi. Ukipoa sana, damu haigandi vizuri. Na mashine isipokuwepo? Kitabu chenyewe kinakumbusha kwamba kumkinga mgonjwa na baridi huenda ni muhimu kuliko kupasha damu. Kwa hiyo chukua blanketi, beseni liache.