Bustani na Mfongo

Sisi tuliolelewa migombani, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mto tuliujua kwa kazi kabla ya kuujua kwa uzuri. Maji yaliletwa kihambani na mfongo, yaani mfereji uliochimbwa na wazee wetu kutoka mtoni huko juu, ukazungushwa mabegani mwa vilima hadi kwenye migomba. Mfongo ulikuwa na wenyewe. Siku ya kuuzibua kila kaya ilitoa mtu, na asiyetokea alitozwa faini.

Hayo ndiyo macho niliyokwenda nayo Nairobi, kwenye Bustani ya Michuki, kando ya Mto Nairobi karibu na kipilefti cha Globe. Zamani hapo palikuwa jaa. Kuanzia mwaka 2008, John Michuki akiwa Waziri wa Mazingira, taka ziliondolewa na miti ikapandwa. Alifariki mwaka 2012, bustani ikabaki na jina lake. Baadaye ilichakaa, na mwaka 2020 ikakarabatiwa upya.

Nisiwe mchoyo wa sifa. Njia za miguu zimepangwa vizuri, kivuli kipo, na mtu asiye na kitu mfukoni anapata pa kupumzika katikati ya jiji lenye pilika nyingi. Lakini maji yanafika hapo yakiwa yameshabeba uchafu wa mitaa ya juu, na hakuna ua linaloweza kuyatakasa. Aidha, naona kasoro moja kubwa zaidi: bustani ile haimpi jirani kazi yoyote. Anakaribishwa kutazama, hakabidhiwi kutunza. Ndiyo maana imeng'aa, ikafifia, ikang'aa tena, kwa kutegemea mkono wa mkubwa.

Mji wetu wa Moshi una Karanga upande mmoja na Rau upande mwingine. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Ni sheria njema, ila ardhi isiyo na mwenyewe haichelewi kugeuka jaa. Siku tutakapotaka bustani ya mtoni, mchoraji asianze na ramani. Aanze na orodha ya majina: nani ana zamu, mtaa upi unasafisha kipande kipi, na anayekosa atozwe nini. Kisha ndipo yafuate masale ya mpakani, miti ya kivuli na mawe ya kukalia.

Msomaji ataniuliza kama mifongo yenyewe imesalimika. Wa kwetu umekauka. Tulizoea kusema ni ukame, na ukame ulikuwapo kweli. Lakini siku za kuuzibua, wengi tulikuwa mjini, tukituma udhuru. Nami nilikuwa mmoja wao.